Haipatikani Nchini Kwako: Safari Yangu na Mama Mkwe Hadi Nakonde

Kwanza niseme hivi: hakuna aliyekufa. Nimeulizwa kijiweni, nimeulizwa kanisani, nimeulizwa na mwenye mashine ya kusaga nikiwa nimebeba debe la mahindi begani, na kila mmoja anakuja na msiba wake alioutunga mwenyewe. Nimechoka. Ndiyo maana nimeandika yote, tangu tulipoondoka kijijini Mbebe hadi tuliporudi, ili nisirudie tena. Na lile swali jingine, la benchi, nitalijibu mwishoni.

Kabla ya kuondoka: simu inanikamata

Mimi ni fundi simu, hilo mnalijua. Mke wangu ni Sekela, na mama yake anakaa ng'ambo ya kijito, hatua chache kutoka kwangu. Watu wa upande wao wana heshima nzito ya ukwe. Mkwe hali chakula na mama mkwe, hamkazii macho, hakai naye benchi moja, na wakiwa na la kuambiana hulipitisha kwa mtu wa tatu. Mtu wa tatu asipokuwepo, mama mkwe husema hewani. "Mtu akipita dukani angeniletea chumvi." Mtu huyo ni mimi.

Mama ana mtoto wa mwisho, Ipyana, aliyekwenda Lusaka kutafuta maisha miaka mitatu iliyopita. Anapiga simu, ila ya video amekataa katakata. Alisema mama yake atamwona siku atakapokuwa mtu, si kabla ya hapo. Juzijuzi akapiga na kusema amepata nafasi kwenye tamthilia moja ya kule, ile inayoonyeshwa kwa mtandao, na kwamba yumo kwenye sehemu ya hospitali. Mama kusikia hospitali, akahitimisha daktari. Jumapili iliyofuata akawatangazia akina mama wa kwaya kwamba mwanawe ni daktari kwenye tamthilia. Mama Tusekile, mwenyekiti wao, akasema mbele ya wote kwamba habari alizonazo yeye ni kuwa kijana anaosha malori. Wakacheka. Sekela aliniambia mama yake alirudi nyumbani akalala bila kula.

Hapo nikajitia kimbelembele. Nikasema, "Mwambie mama aje Jumamosi aangalie kwangu. Tamthilia ile imefungiwa Zambia tu, lakini mimi nina VPN." Kwa wasioijua, VPN ni programu ya kuudanganya mtandao. Umekaa Mbebe, unakula kiazi, yenyewe inauambia mtandao kwamba uko Lusaka. Nilishaitumia mara nyingi na sikuwahi kuulizwa kitambulisho.

Jumamosi mama akaja. Kwa sababu ya ukwe tulimwekea kigoda nje, simu tukaiweka dirishani, nami nikawa ndani nikibonyeza kwa mkono uliotokeza nje. Nikawasha VPN. Simu ikaandika kwamba inaonekana natumia VPN au proksi, nizime kisha nijaribu tena. Nikazima. Ikaandika kwamba kipindi hiki hakipatikani nchini kwangu. Nikajaribu VPN nyingine, na nyingine, mpaka simu ikapata moto. Nikidanganya nazuiwa kwa kudanganya, nikisema kweli nazuiwa kwa kusema kweli.

Sekela akamsomea mama yake kila kilichoandikwa, neno kwa neno, ingawa nilimkonyeza sana.

"Kwa hiyo mtu amekamatwa akidanganya," mama akauambia mti wa parachichi.

Ipyana alijitahidi kutusaidia kutoka kwake. Akarekodi skrini ya simu yake na kututumia, lakini ikaja sauti peke yake na giza tupu. Mama akasikiliza, akauliza kama kule Lusaka umeme umekatika. Tukamwomba airekodi kwa simu ya rafiki, akakataa, akasema mkataba unamkataza na yeye ndiyo kwanza ameanza kazi. Mama akaugeukia tena mti wa parachichi.

"Kama simu haitaki kudanganywa, tusiidanganye. Twende hukohuko Zambia."

Sekela alikuwa na kichanga, Neema wetu. Ndugu wengine hawajui hata kuwasha data. Akabaki mtu mmoja wa kumsindikiza, na mtu huyo ni yule yule wa chumvi.

Mbebe hadi lami: mimi, mama na jogoo

Tulichukua bodaboda mbili, yake mbele na yangu nyuma. Mama alikuja na kapu la viazi vya kuchemsha na jogoo mwekundu amefungwa miguu, kwa sababu haendi ugenini mikono mitupu. Nilitaka kumwambia kwamba Nakonde, mji wa kwanza upande wa Zambia, hatuna mwenyeji, ila hapakuwa na wa kumpitishia ujumbe.

Mnyororo wa bodaboda yangu ulichomoka kwenye mteremko. Nilipofika lami nilimkuta mama ameshakaa juu ya jiwe, amempakata jogoo, uso ameuelekeza upande wa Malawi. Tukasimama hivyo, kila mmoja upande wake wa barabara, tukisubiri gari. Likatokea lori dogo la mahindi, likasimama mbele, na sikujua namna ya kumwambia apande. Mwishowe nikamkazia macho jogoo.

"Jogoo," nikasema, "mwambie mama gari hili linakwenda Tunduma."

Mama akamtazama jogoo. "Mwambie nimeona," akasema, akainuka.

Hivyo ndivyo jogoo alivyopata kazi. Nawaambieni, hakuwahi kupotosha ujumbe hata mmoja, tofauti na mke wangu.

Mpemba: tunapatanishwa kwa nguvu

Mama alikaa mbele na dereva, mimi juu ya magunia pamoja na abiria wengine. Kabla ya kufika Mpemba tairi likapasuka. Tukashuka, dereva akaanza kutafuta jeki aliyomwazima mtu wa kijiji cha nyuma, na mambo yakawa ya kusubiri. Pembeni palikuwa na mama anayeuza mahindi ya kuchemsha. Nikanunua mawili, nikaweka moja juu ya kapu la mama na kurudi nyuma hatua kadhaa, kama mtu anayemlisha mbwa mkali. Mama akala mahindi yake amenipa mgongo. Mimi nikala yangu nimempa mgongo.

Kulikuwa na abiria mmoja mwenye suti ya kahawia na Biblia yenye zipu. Alikuwa ametuchunguza tangu tulipopanda. Akaja kwangu.

"Kijana, huyu ni nani wako?"

"Mama mkwe wangu."

"Mmegombana tangu lini?"

"Hatujagombana. Ni heshima."

"Heshima gani ya kuzungumza na kuku?" Akanishika mkono, akanivuta mpaka kwa mama. "Mama, msamehe mkweo. Lolote alilolifanya, msamehe. Gari lenyewe limesimama kwa sababu ya mioyo yenu."

Abiria wengine wakatusogelea wakasema amina. Nikamweleza desturi, akasema ibilisi ndiye anayenifundisha majibu. Mama, ambaye hapendi kubishana na mtu mwenye Biblia, akasema, "Nimemsamehe." Wakapiga makofi. Wakati huohuo dereva akapiga kelele kwamba jeki imepatikana, na bwana wa suti akanitazama kwa macho ya kusema si nilikwambia. Mpaka leo sijui nimesamehewa kosa gani.

Tunduma: jogoo anabaki Tanzania

Malori yalikuwa yamepangana barabarani hadi huwezi kuona la kwanza limeelekea wapi. Wabadilisha fedha walituzingira wakitupungia kwacha, kila mmoja akimwita mama "mama yangu", mpaka akaniuliza kupitia jogoo kama hawa wote ni ndugu zake. Tukaingia kwa mama lishe mmoja karibu na maegesho ya malori, Mama Salome, tukala wali na maharage kwenye meza mbili tofauti. Akatuambia kuvuka na kuku ni kujitafutia maelezo marefu. Tukamwacha jogoo kwake, amefungwa kwenye mguu wa benchi.

Mambo ya karatasi siyasemi. Nasema tu kwamba ghafla nilikuwa Zambia na mama mkwe wangu, bila kuku.

Nakonde: hatujaingia vya kutosha

Simu ikalia: karibu Zambia. Nikafurahi mpaka nikasahau ukwe, nikamwonyesha mama skrini uso kwa uso. Nikaweka data, nikafungua tamthilia, nikabonyeza.

Ikaandika kwamba kipindi hiki hakipatikani nchini kwangu.

Nikazima simu nikawasha. Vilevile. Mama alikuwa amesimama kando, ameshika kapu lake kwa mikono miwili. Nikasema hewani, nikijikaza kifundi, "Labda mtandao haujajua kwamba tumeshafika. Hapa ni mpakani sana. Tuingie ndani kidogo."

Tukatembea. Tukapita maduka ya magodoro, tukapita soko, nikajaribu. Haipatikani. Tukaenda mbele zaidi, mpaka nyumba zikaanza kupungua, nikajaribu. Haipatikani. Watu tuliokuwa tunawapita tukienda na kurudi wakaanza kutusalimia kama wenyeji. Mwishowe mama akasimama mbele ya ofisi moja iliyokuwa na bendera ya Zambia juu. Akaninyang'anya simu mkononi, akaiinua, kioo kikiwa kimeelekea bendera.

"Ona," akaiambia simu. "Ona wewe mwenyewe. Hii ni Zambia. Huyu hadanganyi leo."

Askari aliyekuwa kivulini akaja kuuliza kuna nini. Nikaanza kueleza, nikaona maelezo yananipeleka mahali pabaya, nikasema mama anapenda bendera. Askari akampigia mama saluti. Tukaondoka.

Njaa ikatuingiza kwenye kibanda cha chakula. Wakatuletea nshima na kapenta, dagaa wa kwao. Mama akaionja ile nshima, akamwita mpishi.

"Mwanangu, huu ni ugali."

"Hapana bamayo, hapana mama, ni nshima."

"Nimepika ugali tangu nina akili. Huu ni ugali, na umeupika vizuri. Usiuite majina mengine."

Mpishi akacheka, akamwongezea dagaa. Ila mama hakucheka. Alisukuma sahani, akakaa akitazama mlangoni, kule barabara ya Lusaka inakoelekea. Kisha akasema, na safari hii hakusema hewani, ingawa hakunitazama: "Jumapili nitawaambia nini?"

Nilijisikia vibaya sana. Mimi ndiye niliyejitapa. Nilimchukua mtu mzima kutoka kwake, nikamvusha mpaka, nikamtembeza Nakonde nzima, na mwanawe bado alikuwa amefungiwa mahali ambapo sisi tumesimama. Nilitamani hata bwana wa suti atokee aniombee.

Tunduma tena: benchi

Tulirudi kwa Mama Salome kumchukua jogoo. Palikuwa pamejaa madereva. Nilikuwa nimeinama kumfungua jogoo niliposikia muziki. Ule muziki niliusikia kwenye lile giza alilotuma Ipyana, nikausikiliza mara nyingi, nisingeweza kukosea. Nikainua kichwa. Dereva mmoja wa Zambia, mnene, mpole, alikuwa ameegemeza simu kwenye chupa ya pilipili na anatazama tamthilia ileile. Tunduma. Tanzania. Anakula chipsi.

"Kaka, unatumia VPN gani?" nikamuuliza.

"VPN ya nini?" Jina lake Mwape, na Kiswahili chake ni cha njia ya Dar es Salaam. "Mimi natumia laini ya nyumbani tu. Mnara wa Zambia ule pale, unashika mpaka hapa."

Ndipo nikaelewa, na nikatamani ardhi inimeze na vifaa vyangu vya ufundi. Laini ya Tanzania hata ukiipeleka wapi, ikitaka intaneti hurudi kwanza nyumbani kuomba ruhusa. Nilikuwa Zambia na simu yangu ikabaki Tanzania, huyu yuko Tanzania na simu yake imebaki Zambia.

Nikamweleza habari ya mama. Mwape akasimama, akafuta benchi kwa kofia yake, akainamisha kichwa, akamsalimia mama kwa lugha ya kwao. "Mwapoleni mukwai, bamayo. Karibu. Tazama mpaka uchoke."

Lakini kufikia hapo radio ya Mama Salome ilishaanza kuunguruma, hivyo palihitajika spika za masikioni, nazo zilikuwa na waya mfupi. Na tamthilia ilikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo nilihitaji sikio moja nimtafsirie. Mama akakaa kwenye benchi. Mimi nikasimama nyuma, nikainama, waya ukachomoka. Nikachuchumaa, ukachomoka.

"Jogoo," nikasema chini ya meza, "mwambie mama waya haufiki."

Mama hakumtazama jogoo. Akanitazama mimi.

"Baba Neema," akasema. "Kaa."

Nikakaa. Sikuegemea popote, nilikuwa mkavu kama ubao. Tamthilia ikaanza, madaktari wakaanza kupita. "Huyu?" Si huyu. "Yule mwenye miwani?" Si yeye, mama. Walipita madaktari wengi mno kwa hospitali moja. Kisha kamera ikaingia wodini, na kitandani palikuwa na mtu amefungwa bandeji kichwa kizima, mikono, kifua, amebaki jicho moja tu na miguu iliyotokeza shukani.

Mama akanishika mkono. Naam, mkono wangu mimi mkwe wake.

"Kidole kile," akasema. "Kidole gumba cha mguu kilichopinda. Alijikata na jembe shambani kwa babu yake, nilikifunga mimi kwa kipande cha kanga yangu. Huyo ni Ipyana."

Nikasogeza uso karibu na skrini. Kidole kilikuwa kimepinda kweli. Hakuwa daktari. Alikuwa mgonjwa, tena mgonjwa asiyeongea. Jicho likafumbuka, likatazama dirishani, mkono ukainuka kidogo kama anayetaka maji, ukaanguka. Mashine pembeni ikalia mlio mmoja mrefu.

Sijawahi kusikia kilio kama alichotoa mama. Mama Salome akazima radio, akajifunga kanga kiunoni, akaja mbio. Madereva wakavua kofia.

"Amefariki nani, mama?"

"Mwanangu!"

"Wapi?"

"Lusaka! Hospitalini!"

Yote hayo yalikuwa kweli, ndiyo shida yake. Nilisimama nikasema jamani ni maigizo, ila hakuna anayemsikiliza mwanamume mwenye waya unaoning'inia sikioni kwenye msiba. Nikamgeukia Mwape anisaidie, maana yeye alijua. Mwape alikuwa analia kuliko mama. Alimfuatilia yule mgonjwa tangu alipopata ajali, sehemu baada ya sehemu, na alikuwa na uhakika atapona.

Mlangoni alikuwa amesimama mtu wa Ikinga, jirani zetu wa Mbebe, anayeleta maharage Tunduma. Aliniona, akamwona mama, akatikisa kichwa kwa huzuni, akatoa simu yake na kutoka nje.

Mama alipotulia alifuta macho kwa ncha ya kitenge. Akasema polepole, kwangu mimi, "Najua ni maigizo, Baba Neema. Si mjinga mimi. Lakini miaka mitatu sijamwona mwanangu, leo wamenionyesha kidole tu, halafu wakamuua."

Nikamsogezea kikombe cha chai. Akanywa. Akamchukua jogoo, akamkabidhi Mwape kwa mikono miwili. Lori lake likaondoka kuelekea Dar es Salaam na jogoo akiwa kiti cha abiria. Njia nzima ya kurudi, kwa kuwa hapakuwa na kuku, mama aliongea na mimi. Ana hadithi nyingi sana yule mama, na nyingi ni za kuchekesha. Sekela hakuwahi kuniambia.

Mbebe: msiba

Giza lilikuwa linaingia tulipokaribia kwa mama. Uani palikuwa na moto, kuni, na sufuria za kanisa. Kwaya yote ya akina mama ilikuwa imekaa chini, inaimba, na aliyeongoza wimbo, macho yamemvimba, ni Mama Tusekile. Sekela alisimama mlangoni na mtoto mgongoni; alikuwa amenipigia mpaka akakata tamaa, simu yangu ilishakufa chaji kwa kupekua Zambia.

Mama akatazama watu wote wale. "Mnamlilia nani?"

Mama Tusekile akaja kumkumbatia. "Pole sana, mama. Tumesikia Ipyana amefariki hospitalini."

"Amefariki kweli," mama akasema. "Nilikuwa natazama. Na amekufa vizuri! Tunduma wamelia, madereva wamelia, hata mtu wa Zambia amelia."

Kabla hawajaelewa, simu ya Sekela ikaita. Akaibonyeza, sauti ikatoka kubwa: "Halo, mama yupo? Mama, umeniona?" Mama mmoja wa sauti ya pili alikimbia mpaka kijitoni. Wengine walishikana.

"Nimekuona," mama akasema.

"Nisamehe mama, sikukwambia kuhusu bandeji. Umenijuaje sasa?"

"Kidole."

Tukamsikia marehemu anavuta pumzi kama mtoto anayejizuia kulia. Kisha akasema Krismasi anakuja nyumbani, bila bandeji, na hasubiri tena kuwa mtu. Hapo akina mama wakalia upya, ila kwa vigelegele, na chakula kikapikwa vilevile kwa kuwa unga ulikuwa umeshakuja.

Mama Tusekile peke yake ndiye aliyebaki na neno. Akauliza, kidole kimoja tu, na bandeji zote hizo, nani shahidi?

Mama mkwe akanyoosha mkono, akanionyesha mbele ya kwaya nzima. "Muulizeni Baba Neema. Tulitazama pamoja. Tulikaa benchi moja."

Aliyekuwa akikoroga ugali akaachia mwiko.

"Benchi moja?" akasema Mama Tusekile.

"Benchi moja," akasema mama, akaenda kukoroga ugali.

Tangu siku hiyo habari za Ipyana haziulizwi tena na kwaya. Wanachotaka kujua wote, wake kwa waume, ni benchi lile lilikuwa refu kiasi gani. Niliahidi kujibu, najibu.

Lilikuwa fupi.